Jicho la Kiwanda

Kiwandani walimwita Jicho, na kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa la haki yake. Miaka miwili ya mwisho alilibeba kama nguo ya kuazima, akiogopa siku mwenyewe atakapoitaka.

Kiwanda kilichapa nembo za dawa. Ni vibandiko vidogo, upana wa ukucha wa kidole gumba, vinavyobandikwa kwenye mdomo wa boksi ili mnunuzi ajue kwamba dawa imetoka mahali pake na haikukorogwa uani kwa mtu. Kila nembo ilikuwa na jani. Ukilitazama usoni, jani ni la dhahabu. Ukiinamisha nembo kidogo, dhahabu inapotea na jani linageuka kijani kibichi, papo hapo, bila kusitasita. Matapeli wanaweza kuiga boksi, maandishi, hata harufu ya karatasi, lakini kijani kile hakikubali fotokopi wala printa, kwa sababu si rangi iliyopakwa. Ni mwanga wenyewe unaogeuka ndani ya wino. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wasichana wote waliopita mikononi mwake.

Kazi yake ilikuwa kukaa meza ya mwisho, chini ya taa nyeupe, na kuinamisha karatasi moja baada ya nyingine kabla hazijafungwa. Akiridhika, anasaini kifuniko cha furushi. Bila sahihi yake, furushi halivuki mlango.

Sasa ukweli ni huu: kijani hakukiona tena. Kilianza kuondoka taratibu, kana kwamba kuna mtu aliyemwaga chai nyepesi juu ya dunia nzima. Mwanzoni alilaumu taa. Aliandika maombi ya balbu mpya mara tatu, mpaka fundi umeme akamtania kwamba akitaka mwanga zaidi ya huo ahamie kwenye jua. Balbu ikabadilishwa, chai ikabaki palepale. Jani la dhahabu aliliinamisha huku na huku, likabaki rangi ya mkate uliobabuka.

Alipoona maji yamefika shingoni, alijifunza kutumia ukucha. Bamba la chuma linalokandamiza jani kwenye karatasi liliwahi kudondoka sakafuni, na tangu siku hiyo mshipa wa tatu wa jani ukawa na kijikovu chembamba kuliko unywele. Macho hayakioni. Ukucha wake ulikiona. Akipitisha kidole na kukuta kovu, anajua nembo ni yao. Akikosa, anatupa pembeni. Huku kichwa kakiinamisha chini ya taa, uso kaukunja, Jicho kamili. Wasichana wa meza za mbele walisema mama yule anaweza kuona mpaka nia ya mtu.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu mkaguzi asiyeona anamwaga unga, na unga wenyewe ulikuwa wa watu wanne. Mumewe alikuwa dereva wa lori hadi mgongo ulipomkatalia. Sasa alitengeneza redio mezani na nyingi zilirudi zimekufa vilevile. Mama mkwe alikuwa na presha. Binti yao alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Zaidi ya hayo, kila Januari nesi alikuwa akija kiwandani na kitabu cha madoa ya rangi kuwapima wakaguzi macho. Januari ya kwanza ya masaibu yake alimsubiri roho mkononi, na nesi hakuja. Ya pili pia hakuja. Alimshukuru Mungu na hakumuuliza mtu.

Jumatatu hiyo meneja alimfuata mwenyewe mezani. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hakuwahi kumfokea mfanyakazi hata siku moja.

"Mama, kesho tuna wageni," alisema. "Watu wa mamlaka ya dawa. Kuna mfamasia wamemshika, wanasema anauza dawa feki za presha. Wataleta maboksi yake. Wanataka mtu wa kutazama nembo."

"Si wana mashine zao, bosi?"

"Mashine yao mbovu, iko kwa fundi mwezi wa tatu sasa. Nimewaambia mashine ya nini wakati sisi tuna Jicho?" Akacheka, akampigapiga bega. "Wewe tazama tu kama siku zote."

*

Walikaa chumba cha mikutano. Afisa wa dawa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu bapa, daftari mapajani, wa maneno machache. Mfamasia alikaa pembeni, shati limemganda mgongoni. Mbele yake maboksi kumi yalipangwa kama watoto waliosubiri kuadhibiwa.

"Huyu bwana," afisa alisema, "wateja wake kumi na moja wameanguka ndani ya wiki sita. Wawili wamekufa. Wote walikuwa wanameza dawa, na wote presha iko juu. Yeye anasema dawa kanunua kihalali na nembo ipo. Mama, nataka neno moja tu kwa kila boksi. Halali au feki."

"Mama yangu," mfamasia alidakia, "mimi nina watoto. Nilinunua kwa wakala, risiti ninazo..."

"Hujaulizwa," afisa alimkata.

Jicho alivuta boksi la kwanza. Taa ya chumba kile ilikuwa ya njano, hata mwenye macho mazima angekibahatisha tu kijani, na alitaka kulisingizia hilo, aseme turudi kesho, aseme hapa sioni vizuri. Neno lilifika ulimini. Alimwona meneja akimtazama kwa utulivu, akaona na wasichana wawili wa meza za mbele wamechungulia kioo cha mlango, wamejaa fahari. Akalimeza. Aliinamisha boksi kulia, akaliinamisha kushoto. Ukucha ukapita juu ya jani. Mshipa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kovu lilikuwepo.

"Halali," alisema.

La pili, kovu. La tatu, kovu. Kila alipolikuta alipumua, maana kovu lile hakuna mwizi wa mtaani angeweza kulijua, sembuse kuliiga. Alipofika la kumi alikuwa ameshajiamini kabisa.

"Yote halali. Nembo zetu hizi."

Mfamasia alifunika uso akalia kama mtoto, bila haya. Afisa alimuuliza Jicho, "Una hakika?" na meneja akajibu kwa niaba yake kwamba mama huyu hajawahi kukosea tangu kiwanda kifunguliwe. Karatasi ikaletwa, Jicho akasaini. Maboksi yakarudishwa kwa mwenyewe, na maelfu mengine yaliyofungiwa stoo kwa wakala yakaachiwa siku hiyohiyo.

Nje ya lango mfamasia alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili. "Umeniokoa, mama. Sina cha kukupa." Akachomoa boksi moja kati ya yale kumi. "Una mgonjwa wa presha nyumbani? Mpelekee. Ukihitaji tena, njoo dukani, usitoe hata senti."

Alilipokea. Kukataa kungekuwa kumdharau mtu aliyetoka kulia mbele za watu, na mama mkwe dawa yake ilibaki ya siku mbili.

*

Magharibi hiyo binti alikuwa sebuleni akipanga nguo za kurudi chuoni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akilalamikia kichwa kwamba kinamgonga kwa ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa.

"Dawa mpya hiyo, Bibi," binti alisema, akachukua boksi mezani amfungulie. Tangu mdogo alipenda kuchezea nembo za mama yake. Kabla ya kuchana ilikuwa lazima ageuze jani mara mbili tatu. Aliligeuza. Akasogea dirishani. Akaligeuza tena.

"Mama, hii mbona haibadiliki?"

"Inabadilika. Iweke vizuri."

"Nimeiweka vizuri. Ngoja." Akaokota boksi kuukuu la bibi lililokuwa na vidonge viwili vya mwisho, akayashika yote mawili kwenye mwanga. "Hili la zamani linageuka kijani, ona. Hili limenuna tu. Dhahabu hapa, dhahabu hapa. Baba, njoo uone."

Baba alisimama kwa shida, akatazama. "Kweli. Halibadiliki."

Wakamgeukia Jicho, wote wawili, wakisubiri aseme. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Alisimama kwenye sebule yake mwenyewe, mkono kwenye kitasa cha mlango wa jikoni.

"Yote mawili nayaona sawa," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Ilibidi arudie. Akawaambia habari ya chai, habari ya balbu, ya ukucha, ya nesi asiyekuja. Akawaambia na ya leo: maboksi kumi, halali mara kumi, sahihi yake chini.

Mumewe alikaa. "Nani mwingine anajua?"

"Nyinyi."

"Basi ibaki hapahapa." Aliongea taratibu kama mtu anayerudisha lori nyuma kwenye kona mbaya. "Sikiliza, mama watoto. Sikulaumu. Lakini ukienda kusema, kesho hatuna mshahara, keshokutwa mtoto anarudishwa nyumbani kutoka chuo, na wewe wanakufunga. Nani kafaidika?"

"Baba, watu wanakufa!" binti alisema.

"Na sisi tutakufa, ila sisi hatutaandikwa kwenye daftari la mtu."

"Lakini kovu lilikuwepo," Jicho alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kovu la bamba letu. Lilikuwepo kwa yote kumi. Kama ni feki, kovu limetoka wapi?"

Bibi ndiye aliyezungumza. Alikuwa na ulimi mkali tangu ujana, lakini safari hii hakuunoa.

"Hivi vidonge vya nyuma, vya mwezi uliopita, ambavyo boksi lake nililitupa. Vilikuwa vizuri?"

"Sijui, mama."

"Ulivileta wewe?"

"Ndiyo, mama."

Bibi aliugeuza uso dirishani.

Asubuhi Jicho aliinama mlangoni kwa mkwewe, kama alivyofanya kila siku tangu aolewe. "Shikamoo, mama." Alisubiri, akarudia. Bibi alikuwa macho, alikuwa akiitazama dari, na shikamoo ikabaki inaning'inia mlangoni. Alitoka nyumbani akiwa anajisikia mdogo kuliko siku aliyoingia humo kama bibi harusi.

*

"Bosi, nina jambo," alisema, akafunga mlango wa ofisi nyuma yake. Hakukaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, na akayatoa jinsi alivyoyapanga: macho yameharibika, jana amekosea, dawa ni feki, warudishwe watu wa mamlaka.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akamvutia kiti.

"Kaa, mama. Kijani huoni. Ni mtoto wa jicho, nadhani. Mama yangu mzazi naye alikuwa na ugonjwa huo."

"Ulijua?"

"Tangu uombe balbu ya pili."

Alikaa bila kutaka. Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake, moja moja: nesi aliyekoma kuja, meza ya karibu na dirisha aliyoondolewa eti apumzike na joto, wasichana wenye macho mazuri waliohamishiwa idara ya kukata kila walipoanza kuijua kazi. Na zile sifa. Jicho hili, Jicho lile, mbele ya kila mgeni.

"Wino ule unatoka nje," meneja alisema, bado kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Chupa moja ni ghali kuliko hii meza. Wa kawaida wa dhahabu unaupata dukani. Mashine ni ileile, bamba lilelile. Kuna watu wanahitaji nembo na hawana haja ya kijani. Siku nyingine tunachapa hivi, siku nyingine vile, na yote yanapita kwako."

"Na ndani ya maboksi?"

"Mimi nachapa karatasi, mama. Ya ndani siyajui."

"Watu wawili wamekufa."

"Kwa furushi ulilosaini wewe." Alifungua droo, akatoa vifuniko vichache, akaviweka mbele yake kwa adabu. "Tafuta sahihi yangu hapo. Hutaiona, na si kwa sababu ya macho."

Jicho alitaka kumtukana, na tusi halikuja. Maisha yake yote hakuwahi kujifunza matusi ya kiwango hicho.

"Sasa tuongee kama watu wazima," meneja aliendelea. "Binti yako yuko chuo. Ada naimaliza mimi, yote. Mzee wako mgongo, kuna hospitali nzuri. Sema chochote unachotaka. Isipokuwa kutibiwa macho."

Akacheka kidogo, akimtazama kama naye atacheka. Jicho aliinuka, akasema anakwenda kufikiria, na meneja akasema afikirie vizuri, hana haraka. Alipofika koridoni alisikia nyuma yake simu ikiinuliwa.

*

Ofisi ya mamlaka ya dawa ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, na alitembea akiwa bado na koti la kazi. Njiani alijaribu kupunguza. Angesema macho yalianza kumsumbua mwezi uliopita. Mwezi mmoja unasameheka. Mtu anaweza kusema alidhani ni uchovu. Alirudia sentensi hiyo mpaka ikamkaa mdomoni.

Afisa alimpokea mezani kwake bila kushangaa, na huko kutoshangaa ndiko kulikomtisha.

"Meneja wako amenipigia," alisema. "Anasema wamegundua leo kwamba mkaguzi wao haoni, kaficha kwa makusudi, na wanamshuku anashirikiana na wauza feki. Anasema amekusimamisha kazi na anaomba tukuchunguze."

Jicho alishika ukingo wa meza. Kwa hiyo hata kuungama kwake kulikuwa kumeshachukuliwa. Kila atakalosema sasa lingekuwa ushahidi wa yule bwana. Angeweza kugeuka akaondoka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake.

"Ni kweli sioni," alisema. "Ya kushirikiana si kweli. Nembo feki anazichapa yeye, kwa bamba letu."

"Una ushahidi?"

"Hili ni mojawapo ya yale ya jana." Alitoa boksi mfukoni mwa koti. Alichukua kidole cha afisa, akauweka ukucha juu ya jani. "Mshipa wa tatu. Kuna kovu. Bamba lilidondoka zamani. Hakuna mwingine duniani mwenye bamba lenye kovu hilo, ni lile la kiwandani tu."

Afisa alipitisha ukucha. Akarudia. Akafumba macho, akarudia tena.

"Mimi sisikii kitu, mama."

"Lipo."

"Nakuamini kwamba wewe unalisikia." Alirudisha boksi mezani. "Nitalipeleka likakuzwe kwa darubini. Kama lipo, litaonekana. Lakini bamba lenyewe nalo linatakiwa, na kama anayelishika ana akili, saa hizi linayeyushwa. Unajua nikiandika haya, jina la kwanza kwenye jalada ni lako? Yeye ni mlalamikaji. Mtuhumiwa ni wewe."

"Najua."

"Haya. Tangu lini huoni?"

Jibu la mwezi uliopita lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akamkumbuka mkwewe akitazama dari.

"Mwaka juzi. Mwezi wa tatu."

Kalamu ilisimama. "Na tangu hapo umesaini mafurushi mangapi?"

"Yote."

"Yote yaliyotoka kiwandani?"

"Yote, afisa. Hakuna mwingine anayesaini."

Kwa mara ya kwanza uso wa afisa ukawa wa mtu mwenye hofu. Alivuta simu, akaanza kupiga namba, akaikata kabla haijaita, kama aliyesahau aanzie kwa nani: hospitali, maduka, au watu majumbani wanaomeza muda huu kwa maji ya bomba. Akairudisha chini. Akamalizia kuandika, akaigeuza karatasi.

"Soma, halafu weka sahihi hapo kwenye mstari wa mtuhumiwa."

Jicho alichukua kalamu, akainama. Machozi yalikuwa yamechanganyika na ile chai, na karatasi yote ilikuwa rangi moja, haina juu wala chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba mtu msaada wa kuona.

"Nionyeshe mstari ulipo," alisema.

Afisa akamshika kidole, akakiweka juu yake.